Waoshaji wa Stoo Mbili

Wewe unayesoma, kama una simu mkononi iweke chini. Haitakimbia. Haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu, polepole, kwa sababu shule sikuikalia sana. Mjukuu wangu Saumu akayapiga chapa. Aliponisomea nikasikia ameniongezea Kizungu hapa na pale. Nikamwambia atoe. Ametoa.

Kazi yangu ilikuwa vyombo vya shughuli. Hapa Likoni mtu akiwa na harusi, hitima, maulidi au matanga, nyumbani hana sufuria ya kupikia mtaa mzima. Basi anakuja stoo, anakodi sufuria, masinia, mabirika, majamvi. Akimaliza anarudisha, na mwenzake anachukua. Nimefanya kazi hiyo tangu mama yake Saumu anatambaa mpaka magoti yangu yalipogoma, ndipo nikakabidhi ufunguo.

Saumu naye anafanya kazi ya kompyuta kule kisiwani, na ni vijana wenzake aliotaka niwaandikie. Ati ndani ya kompyuta nako kuna stoo. Vitu vinachukuliwa, vinatumika, vinarudishwa vitumike tena, na kuna wafagiaji wanaopita kwa nyuma, hawaonekani, wakiondoa kilichoachwa. Nikamuuliza, "Hao wafagiaji wako wanakula nini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Basi nitasema ya kwangu, ya kompyuta mtayapima nyinyi. Na nitayasema kwa harusi moja, ya Zuhura binti wa Mejumaa. Siku hiyo stoo yetu nusura imvue mtu nguo mbele za watu, na siku hiyo hiyo ndiyo ilipopona.

Stoo ilikuwa ya Bi Riziki, mimi nikiwa msaidizi wake. Mwanamke mfupi, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya kivuko. Yeye ndiye aliyenifunza kuwa sufuria haiendi mekoni uchi. Kwanza unaipaka udongo wa mfinyanzi nje, au jivu ulilolikoroga na sabuni, ndipo unaiweka juu ya moto. Masizi yanashika ule udongo, sufuria yenyewe hayaigusi. Ukija kuosha unamwaga maji tu, unaimenya kama yai. Ukisahau kupaka, utasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka kucha zikutoke, na mimi sitakuja kukusaidia.

Tena alinifunza vyombo vya mlangoni. Vyombo vingi hukaa ndani kabisa, lakini vichache tuliviweka karibu na mlango, vimeoshwa, tayari. Mtu akifiwa hawezi kungoja uingie gizani kutafuta mfuniko. Ni jambo jema. Lakini chombo cha mlangoni nacho kina ugonjwa wake: kwa vile kila mtu anajua ni safi, hakuna anayekitazama. Kulikuwa na birika moja kubwa, lilikaa pale mlangoni tangu mfunguo mosi, mwezi wa Idi ndogo, halikuguswa. Siku ya maulidi huko Mtongwe likachukuliwa vile lilivyo. Chai ikatiwa, shekhe akamiminiwa wa kwanza, na mjusi kafiri akatoka na chai, puu, kikombeni. Shekhe akamtazama, akasema, "Huyu naye amekuja kusilimu." Hapo maulidi yalichelewa kidogo, watu wameshika mbavu.

Tangu siku hiyo Bi Riziki akaweka sheria. Kila Alhamisi mwoshaji anapita mlangoni. Kilichokaa bila kuguswa kinaoshwa upya na kurudi ndani, kingine kinatoka kuchukua nafasi yake. Hata kama kinang'aa. Hasa kama kinang'aa.

Sasa nije kwenye ugonjwa mkubwa.

Sisi huku, jirani akikuletea sahani ya futari humrudishii sahani tupu. Unatia ndizi, unatia mahamri, ukikosa kabisa unatia hata ndimu mbili. Hiyo ni adabu na siisemi vibaya. Lakini adabu hiyo iliingia stoo. Mtu amekodi sufuria kwetu, shughuli imekwisha, basi anaona haya kuirudisha tupu. Ngoja mihogo ivunwe. Ngoja mtu apande mnazi. Ngoja shemeji alete samaki. Sufuria ya kulisha msikiti mzima inakaa uvunguni mwa kitanda inangoja muhogo. Na ukimwambia, "Bibi, hii hukuazima, umekodi," anakutazama kama umezaliwa porini.

Ugonjwa wa pili ulikuwa waoshaji. Kulikuwa na stoo nyingine kule Timbwani, ya Mama Kadzo. Sisi tulikuwa na waoshaji wetu, yeye ana wake. Harusi zetu nyingi ni Ijumaa na Jumapili. Zake ni za kanisani, Jumamosi. Kwa hivyo Ijumaa wetu wanazama kwenye masizi, wake wamekaa kivulini wanasukana nywele. Jumamosi mambo yanageuka, wetu ndio wanasukana. Nilimwambia Bi Riziki tuazimane waoshaji. Akanijibu, "Mama Kadzo? Afadhali nimwazime meno yangu."

Walikuwa hawasemezani. Sababu ilikuwa hii. Sufuria yetu kubwa kuliko zote, tuliyoiita Meli, ilichukuliwa na watu kwenye matanga fulani, na wakaikosea njia kuirudisha, ikaenda kwa Mama Kadzo. Na mwiko wake mrefu wa mvule ukaja kwetu. Bi Riziki akasema, "Alete sufuria nimpe mwiko." Mama Kadzo akasema, "Alete mwiko nimpe sufuria." Kila mmoja akakaa mlangoni kwake akimngoja mwenzake. Musimu mzima sisi tuna mwiko usioingia sufuria yoyote, yeye ana sufuria hana cha kuikorogea. Wazee wazima! Saumu ananiambia hata kwenye kompyuta hutokea hivyo, huyu ameshika chake anangoja cha yule, yule anangoja cha huyu, kila kitu kinaganda. Nikamwambia, basi hizo kompyuta zenu zina kiburi kama Bi Riziki.

Mejumaa alikuwa mjane. Alimlea Zuhura kwa mahamri aliyoyakaanga kando ya barabara, asubuhi baada ya asubuhi. Zuhura akaposwa na kijana wa Changamwe, mtulivu, baba yake ni mtu wa makontena kule Kipevu. Kijana hana neno. Neno lilikuwa kwa shangazi yake, Bi Salma. Siku ya kuleta posa alimtazama Mejumaa, akatazama paa la makuti, akasema mbele ya watu, "Sisi tuko wengi, na tunakula. Kama mtashindwa semeni mapema, tuje tumekula."

Mejumaa akamjibu, "Msile kitu, dada. Njooni na njaa."

Lakini alipofika kwa Bi Riziki alisema mengine. "Bi Riziki, nisitiri. Mtoto wangu ataingia nyumba ile na maneno haya yakimfuata, au yakiishia hapa hapa. Nisitiri."

"Nenda kalale," Bi Riziki akasema. "Vyombo vipo."

Vyombo havikuwapo. Wote waliokuwa navyo waliahidi kuvirudisha Alhamisi. Alhamisi ikapita na wapita njia wake. Ijumaa asubuhi nilifungua stoo nipakie mkokoteni, nikakuta sufuria mbili ndogo na buibui mmoja. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa. Wageni wangevuka feri baada ya sala ya Ijumaa. Nikaenda kwa Mejumaa miguu mizito. Nyuma ya nyumba, mpishi, Mzee Bakari, alikuwa amewasha meko matatu na kukunja mikono.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba. Sufuria ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinakuja kwa miguu yao? Mchele nimeshauosha, mama. Niupike kwenye kofia?"

Mejumaa alisikia. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akashika kichwa, na nilipomwona vile nilikimbia. Mimi! Nilikimbia mpaka kwa Bi Riziki na leso begani.

Bi Riziki hakupoteza muda kulaumu mtu. Aliwaita waoshaji wote. "Kila mmoja nyumba zake. Dama, wewe mtaa wa Shika Adabu. Mwanasiti, Bofu. Ukifika piga hodi, taja harusi ya Zuhura, beba chombo, toka. Usikae, usinywe chai. Mlango ukiwa umefungwa pita nyumba ya pili, huyu utamrudia. Asiwepo wa kuniambia nilikuwa namsubiri fulani avae."

Hayo maneno yashikeni. Mwoshaji akikwama mlango mmoja, nyumba zote za mbele zinakwama naye.

Mimi akanitazama. "Wewe nenda Timbwani kwa yule." Akaingia ndani, akatoka na ule mwiko wa mvule. Akanipa bila kunitazama usoni.

Mama Kadzo nilimkuta kwenye kigoda, waoshaji wake wanasukana.

"Hodi."

"Karibu. Naona leo mwiko umejifunza kutembea."

"Umekuja wenyewe. Bi Riziki anakusalimu."

"Huo ni uwongo, lakini nimeupokea. Ana shida gani?"

Nikamweleza. Aliposikia Mejumaa akasimama. "Mejumaa wa mahamri? Watoto wangu wote wamekulia mahamri yale! Na wewe unanisalimu salimu hapa badala ya kusema?" Akageukia waoshaji wake. "Nyinyi, nywele mtamalizia mbinguni. Meli itoke, na sufuria zote za ndani, na masinia. Leo Ijumaa, sina mteja. Twendeni!"

Mmoja akauliza, "Mama, tunamfanyia kazi Bi Riziki?"

"Mnaifanyia kazi sufuria," Mama Kadzo akamjibu. "Sufuria haijui ni ya nani."

Tulirudi na mkokoteni umejaa, Mama Kadzo mbele, mwiko begani kama askari. Na tulipofika kwa Mejumaa tukakuta kioja.

Vyombo vilikuwa vinarudi kutoka kila mtaa, bodaboda, tuktuk, vichwani. Lakini watu waliogongewa milango ghafla, jamani, wangerudishaje chombo kitupu, tena nyumba ya harusi? Walitia chochote kilichokuwa karibu. Sufuria ya kwanza ina mihogo. Ya pili ina nazi. Sinia lina mkungu wa ndizi. Mzee mmoja wa Bofu, aliyekaa na sufuria yetu tangu mvua za masika, ameituma na mtetea hai ndani, miguu imefungwa, anatazama nje kama yeye ndiye bibi harusi. Mwingine alikosa vyote akatia mto wa kulalia, mpya, kwa ajili ya maharusi.

Mzee Bakari akasimama katikati, mikono kiunoni. "Nimeomba sufuria," akasema, "nimeletewa shamba."

Mejumaa akainua kichwa. Akatazama mihogo, nazi, kuku, mto. Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka humo humo. Bi Riziki na Mama Kadzo wakatazamana juu ya Meli. Hawakuombana radhi; Bi Riziki alisema tu, "Udongo uko ndoo ile, paka upande wako," na Mama Kadzo akapaka. Pilau ikaenda kwenye Meli. Na kwa vile mali imejileta, Mzee Bakari akapika na mihogo ya nazi, na yule mtetea na wenzake walioletwa nyuma yake wakawa kuku wa kupaka.

Wageni wa Changamwe walifika wengi kweli, Bi Salma hakudanganya. Na walikuja na njaa kama walivyoambiwa. Mimi nilikuwa napeleka masinia ukumbini huku jicho moja kwake. Alionja pilau. Akala. Akaongeza. Mihogo ilipopita akaishika mkono. Mwishowe alilegeza mkanda akaniita, "Mama, hebu nikwangulie ukoko kidogo." Nikajua yamekwisha. Nilikwenda jikoni kumnong'oneza Mejumaa, sikumpata. Anapita huku na huku, kila mgeni anamfuata mwenyewe, amekula?, ameshiba?, ongeza!

Kisha ikaja kuosha. Alama ya stoo yetu ilikuwa rangi nyekundu chini ya kitako, ya Mama Kadzo bluu. Lakini vyote vimepakwa udongo, vimeshika masizi, vimelala uani kama kundi la mbuzi weusi. Waoshaji wetu wakaanza kugeuza geuza watafute vyetu. Wa Mama Kadzo nao vyao. Wanapokonyana sufuria ambayo hakuna anayeijua.

Bi Riziki akapaza sauti, "Osheni kwanza! Tutagawana zikishang'aa."

Wakajipanga pamoja, hawa wanamwaga maji, hawa wanasugua, hawa wanasuuza. Wakaanza kuchambana, wakaanza kuimba. Ile kazi iliyokuwa inatuchukua mpaka siku ya pili ilikwisha jua lingali juu.

Ndiyo ilivyobaki mpaka leo. Waoshaji ni kundi moja, stoo mbili, baadaye tatu, kwani ya Mtongwe nayo iliomba kuingia. Hakuna stoo yenye mwoshaji wake peke yake wa kukaa bure. Wanapita nyumba kwa nyumba shughuli ikishaisha, wanaosha pale pale, wanabeba. Mwenye nyumba hana haja ya kungoja muhogo, kwa sababu harudishi yeye. Na akiwa na cha kutoa anawapa waoshaji, ndicho chakula chao. Stoo ikifungwa, kama ya Mtongwe ilivyofungwa mwenyewe alipohamia kwa mwanawe, inatolewa kwenye njia yao siku hiyo hiyo, wasiende kubisha hodi kwa popo. Saumu aliposikia hayo akasema, "Nyanya, ndivyo tunavyofanya sisi." Nikamwambia vizuri, lakini walisheni.

Na iko sheria moja zaidi, kubwa kuliko hizo. Chombo kilichofudikizwa, mdomo chini, kimemaliza kazi, chukua. Chombo chenye mwiko umelazwa juu yake bado kina mwenyewe. Usikiguse, hata kama huoni mtu karibu. Asili yake ni siku ile ile ya harusi ya Zuhura.

Dama alikuwa na mikono myepesi, na siku hiyo ilikuwa imepata moto. Kila kilichokuwa mbele yake alikiosha. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na sufuria ndogo imefunikwa kwa sahani. Akaifunua, akaona makombo, akamwagia kuku, akasugua, akaifudikiza. Ilikuwa sehemu ya Mejumaa. Mzee Bakari alimwekea, kwa sababu mama huyo tangu alfajiri hakutia kitu mdomoni.

Mejumaa alikuja jua linateremka, bibi harusi ameshatolewa, ameshalia kilio chake cha kumuaga mwana. Akatafuta pale konani. Akatazama vyombo, vyote vimepangwa vinameremeta. Meli yenyewe unajiona uso ndani yake.

"Sehemu yangu iko wapi?" akauliza, kwa upole tu.

Dama akatia mkono mdomoni. Mzee Bakari akakwangua sufuria kwa macho, hakuna hata punje. Kuku wanajilamba midomo, kama kuku wana midomo. Tukasimama pale, waoshaji wa stoo mbili na makumbi mkononi, hatujui pa kuweka nyuso. Tumelisha mji mzima na mwenye shughuli ana njaa.

Bi Salma alikuwa mlangoni, anavaa buibui lake aondoke. Alikuwa ameyasikia yote. Kwapani ana kifurushi, pilau na kuku alivyofungiwa vya kwenda navyo Changamwe. Nikasema moyoni, haya, sasa atalitoa neno.

Akavua tena buibui. Akaja uani, akavuta sinia moja kwenye yale safi, akalitandaza chini, akakifungua kifurushi chote juu yake. Akakaa kitako mchangani na nguo zake zile.

"Njoo, mama Zuhura," akasema. "Mimi nimekula mpaka nimechoka, lakini sitakuacha ule peke yako."

Mejumaa akakaa. Bi Salma akachambua nyama kwenye mfupa, akaisogeza upande wa mwenzake. Wakala polepole, wanasema maneno ya chini chini ambayo sisi hatukuyasikia, mara wakacheka wote wawili.

Jua likawa linakwisha, na mkokoteni umeshapakiwa, linangojwa sinia hilo tu. Dama, maskini, kwa kutaka kusawazisha kosa lake, akasogea na ndoo ya maji akasimama karibu yao.

Bi Riziki akamshika mkono. "Hilo liache," akamwambia. "Bado lina watu."